Asante ya Punda

Wahenga walisema kwamba asante ya punda ni mateke. Nimeusikia msemo huo tangu utotoni, na mimi mwenyewe nimeutumia mara nyingi kwa watu niliodhani wamenilipa ubaya kwa wema. Mtu wa kwanza kunikanya juu ya msemo huo alikuwa baba yangu mzazi. Hakuwa mtu wa vitabu, alikuwa saisi.

Huenda msomaji kijana hajui saisi ni nani. Saisi ni mtunza farasi: ndiye amlishaye, amsuguaye, amtandikaye, na alalaye karibu naye usiku anapougua. Kazi hiyo haikuenea sana kwetu kwa sababu farasi wenyewe hawakuenea. Mbung'o walizuia. Kiswahili kina maneno mengi ya farasi, na wengi tunaoyatumia hatujapata kumgusa mnyama huyo. Tunasema chama kimeshika hatamu, tunasema mtu amekwenda shoti, lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kushika hatamu yenyewe mkononi?

Baba aliishika kwa miaka zaidi ya thelathini, katika mabanda ya farasi wa kupanda viungani mwa Nairobi. Mimi nilizaliwa katika chumba kimoja cha safu ya wafanyakazi nyuma ya mabanda hayo, na nilipofika umri wa miaka kumi na sita, mwaka 1974, nilikuwa nikimsaidia wakati wa likizo. Mwaka huo ndipo yalipotokea mambo ya Nyota.

Nyota alikuwa farasi jike, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Alikuwa mpole hata watoto waliojifunza kupanda walianza kwake. Kisha akabadilika. Kwanza alianza kulaza masikio nyuma kila alipoona tandiko likiletwa. Baadaye akawa anageuka kutaka kuuma mkanda wa tumboni ulipokazwa. Akipandwa, alipiga mkia huku na huku ijapokuwa hapakuwa na nzi. Alipotakiwa kutoka mwendo wa matiti kuingia mbio, alisimama ghafla, au alirusha miguu ya nyuma. Msimamizi alisema amedeka. Mwenye mabanda alisema jike limeharibiwa na watoto, lipewe adabu. Likapewa. Mimi mwenyewe niliwahi kumpiga kwa mpini wa fagio alipoutwanga ukuta kwa teke karibu na goti langu, nikasema kwa hasira, "Kweli asante ya punda ni mateke!"

Baba alininyang'anya fagio. Hakunipiga. Alinichukua hadi ubavuni mwa Nyota, ambaye alikuwa ametoka kupandwa na jasho limemtota, akaniambia, "Tazama mgongo, mwanangu. Unaona nini?" Niliona jasho. "Tazama tena." Ndipo nilipoona madoa mawili makavu, kila moja kama kiganja cha mkono, moja upande huu na moja upande ule, chini kidogo ya mabega. Mgongo wote umelowa, lakini pale pakavu. Baba akaniambia kuwa pale ndipo tandiko linapomkandamiza kupita kiasi, hata ngozi haiwezi kutoa jasho. Kisha akapitisha vidole polepole, na Nyota akabonyea mgongo kama mtu aliyeguswa jipu. "Huyu hana ukaidi," baba akasema. "Huyu anaumwa. Hana mdomo wa kusema, basi anasema kwa miguu."

Nilimwuliza kwa nini asimwambie mwenye mabanda. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba alikwisha kumwambia msimamizi, naye akajibiwa kuwa kazi ya saisi ni kusugua farasi, si kufundisha watu kupanda. Baba alikuwa na watoto sita na chumba cha kazi. Hakusema tena.

Baada ya wiki chache Nyota alimwangusha msichana mmoja, mkono ukavunjika. Akauzwa, lori lilikuja asubuhi moja, akapakiwa, na hatukupata kujua alikokwenda. Miezi kadhaa baadaye tandiko lile lilipelekwa kwa fundi kushonwa upya. Fundi alipolifumua alikuta mti wake, yaani ule mfupa wa ndani unaolipa tandiko umbo, umepasuka. Kila aliyempanda Nyota alikuwa anamshindilia mti uliovunjika mgongoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya farasi ni tandiko.

Nimelibeba jambo hilo kwa zaidi ya miaka hamsini, na katika uzee wangu nimejaribu kusoma habari za farasi ili nijue: je, baba alijua siri ambayo wakubwa hawakuijua? Nimegundua kuwa haikuwa siri. Ilikuwa elimu kongwe iliyosahauliwa kila mara, ikagunduliwa tena, ikasahauliwa tena.

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo aliishi Myunani aitwaye Xenophon, askari na mwandishi, aliyeandika kitabu kizima juu ya upandaji farasi. Humo anashauri kwamba banda liwekwe mahali ambapo mwenye farasi atamwona mara kwa mara. Sababu moja ni kulinda chakula kisiibwe. Sababu nyingine ni hii: farasi akianza kumwaga chakula chake, mwenyewe atambue kuwa mwili una jambo, kwamba anahitaji tiba, au amechoka, au ugonjwa unamnyemelea. Aliongeza kwamba maradhi ya farasi, kama ya binadamu, hutibika kwa urahisi zaidi yakiwa machanga. Kwa hiyo tangu zaidi ya miaka 2,300 iliyopita mtu alikwisha kuandika kuwa tabia iliyobadilika ni habari.

Waarabu nao waliiendeleza elimu hiyo. Baghdad katika karne ya 9 na Cairo katika karne ya 14 viliandikwa vitabu vinene juu ya farasi na tiba yake, na vya Cairo viliandikwa na waganga wa mabanda ya sultani, watu walioshinda na wanyama. Huko Ulaya, Claude Bourgelat alifungua shule ya utabibu wa wanyama mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1762. Kabla ya hapo alikuwa mkuu wa chuo cha kufundisha watu kupanda farasi. London ikafuata mwaka 1791.

Ungedhani basi kwamba kuanzia hapo farasi alisikilizwa. La. Palikuwa na utengano. Tabibu aliitwa farasi akichechemea waziwazi au akigaagaa kwa msokoto wa tumbo. Lakini farasi aliyerusha mateke, aliyekataa kwenda, aliyetupa kichwa, huyo hakupelekwa kwa tabibu. Alipelekwa kwa mtu mwenye mjeledi. Ugonjwa ulikuwa kitu kimoja, ukaidi kitu kingine, na kati yake palikuwa na ukuta.

Mmoja wa waliougonga ukuta huo alikuwa mwanamke wa Kiingereza, Anna Sewell. Alipokuwa na miaka kumi na minne alianguka akaumia vifundo vya miguu, na maisha yake yote yaliyobaki hakuweza kutembea vizuri. Alitegemea magari ya farasi. Mwaka 1877 kilichapishwa kitabu chake cha pekee, Black Beauty, ambamo farasi mwenyewe ndiye msimulizi. Miezi michache baadaye, mwaka 1878, mwandishi akafa. Kitabu kile kilisaidia sana kuamsha watu dhidi ya hatamu fupi iliyomlazimisha farasi wa gari kuinua kichwa juu muda wote ili apendeze barabarani, huku shingo na mgongo vikimteketea. Ndani yake yumo farasi jike mwenye sifa ya kuuma na kupiga mateke. Kadiri anavyosimulia maisha yake, msomaji anaona kuwa kila teke lilikuwa na historia. Sidhani ni bahati tu kwamba kitabu hicho kiliandikwa na mtu aliyekuwa na maumivu kila alipopiga hatua.

Kisa kingine kilitokea Berlin. Mwalimu mstaafu, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi aitwaye Hans, ambaye watu waliamini anajua hesabu. Aliulizwa jumla ya namba, naye akagonga ukwato mara zinazotakiwa. Mwaka 1904 iliundwa tume ya kumchunguza, nayo haikuona udanganyifu. Mwaka 1907 mchunguzi Oskar Pfungst alionyesha ukweli: Hans hakujua hesabu, bali aliona mabadiliko madogo mno ya mwili wa aliyemwuliza, kichwa kuinuka kidogo tu pale jibu lilipofikiwa, na hapo akaacha kugonga. Muulizaji mwenyewe hakujua kuwa anafanya hivyo. Watu wengi walicheka kwamba farasi si msomi. Mimi naona la kujifunza ni jingine. Farasi alikuwa anatusoma sisi kwa ustadi ambao wataalamu walihitaji miaka kuugundua. Sisi je, yeye tunamsoma?

Historia yetu wenyewe ina ukurasa wake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza yalipoingia Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1916, yalikuja na farasi na nyumbu wengi. Walipita katika nchi ya mbung'o. Nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, huanza kwa homa, kukonda na kulegea. Mnyama anaonekana mvivu kabla hajaonekana mgonjwa. Walikufa kwa maelfu. Farasi walipokwisha, mizigo ikahamishiwa vichwani mwa watu. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Nao pia, mtu aliyelegea njiani aliweza kuitwa mvivu. Simlinganishi binadamu na mnyama kwa kumdhalilisha. Nasema tu kwamba anayebeba mzigo, awe na miguu miwili au minne, mara nyingi maumivu yake husomwa kwanza kama tabia mbaya na yule ambaye mzigo ni wake.

Sasa nije kwenye siku zetu. Mwaka 2014 watafiti waliofanya kazi na Emanuela Dalla Costa wa Milan, Italia, walichapisha kipimo cha maumivu kwa kuangalia uso wa farasi. Waliwachunguza farasi waliohasiwa, kabla na baada ya upasuaji, wakaeleza mambo sita: masikio yaliyokakamaa na kuelekea nyuma, jicho lililofumbwa kidogo, mkazo juu ya jicho, misuli ya taya iliyojitokeza, mdomo uliobanwa na kidevu kutokeza, na pua iliyokazwa. Kila moja hupewa alama kutoka 0 hadi 2. Nilipoona picha zake nilishtuka. Ulikuwa uso wa Nyota.

Lakini farasi aliyepandwa ana mambo mengine, maana ana lijamu kinywani na mtu mgongoni. Hapo ndipo daktari Sue Dyson, aliyefanya kazi miaka mingi Newmarket, Uingereza, alipoleta mchango wake. Mwaka 2018 yeye na wenzake walichapisha orodha ya matendo 24 ya farasi akiwa anapandwa: masikio kulazwa nyuma kwa sekunde tano au zaidi, jicho kukodoa, kinywa kufunguka mara kwa mara, ulimi kutoka nje, kichwa kuinamishwa upande, mkia kupigwapigwa, mwendo wa haraka mno au wa kujikokota, kujikwaa, kukataa kwenda mbele, kurusha miguu ya nyuma, kusimama kwa miguu miwili, na mengineyo. Farasi anayeonyesha manane au zaidi, yaelekea ana maumivu ya viungo au misuli.

Walithibitishaje? Kwa njia ambayo hata baba angeielewa. Waliwachoma farasi wanaochechemea sindano ya ganzi, wakaifisha sehemu iliyoshukiwa, kisha akapandwa tena na mpandaji yule yule. Matendo yale yakapungua mara moja. Ukaidi hauponi kwa sindano ya ganzi, maumivu hupoa. Ukuta ule wa zamani kati ya ugonjwa na tabia ulibomolewa hapo. Na jambo linalonitia huzuni zaidi ni hili: katika uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2014, farasi 506 wa michezo waliokuwa kazini, ambao wenyewe waliwaamini kuwa ni wazima, walipotazamwa na mtaalamu, karibu nusu yao walikuwa na kilema au mkakamao katika mwendo. Wenyewe hawakuwa watu wakatili. Walikuwa wamezoea tu.

Kwa nini ni vigumu kuona? Kwanza, farasi ni mnyama anayewindwa. Katika mbuga, anayechechemea ndiye anayeliwa. Kwa hiyo ameumbwa kuficha. Hapigi kelele kama mbwa aliyekanyagwa. Pili, maumivu yenyewe yamefichika. Meno yake hayaachi kuchomoza maisha yake yote, na kingo za magego huwa kali kama kisu zikakata shavu na ulimi. Bila kupigwa tupa na mtaalamu, kila mvuto wa lijamu ni jeraha. Tumbo lake hutoa asidi mfululizo, ale asile, ndiyo maana farasi anayekaa na njaa kwa saa nyingi hupata vidonda vya tumbo. Usaha ndani ya ukwato hauonekani. Na mti uliopasuka ndani ya tandiko, nani atauona?

Simaanishi kwamba kila teke ni maumivu. Farasi huogopa, huchoka, hukosa kuelewa anachotakiwa, na aliyeshibishwa nafaka bila kazi huruka kwa raha tu. Ishara moja haitoshi. Baba hakuwa na orodha ya mambo 24, lakini alikuwa na maswali yake, na mpaka leo sijapata mazuri kuliko hayo. Amebadilika tangu lini, na wakati huo kilibadilika kitu gani kingine: tandiko, mpandaji, chuma cha kwatoni, chakula? Anafanya hivyo akiwa peke yake, au akitandikwa tu? Akipandwa na mwingine, au kwa tandiko jingine, anafanya? Chakula anakimaliza, au anakitema kikiwa kimetafunwa nusu? Baada ya kuuliza alipitisha mkono mwili mzima, kutoka shingoni hadi kwatoni, akiwa anatazama jicho la farasi, si mkono wake. Kanuni yake ilikuwa fupi: kwanza ondoa maumivu, ndipo ufundishe adabu. Mwenye uwezo amwite daktari wa mifugo kabla ya kuitafuta fimbo.

Mpangilio huo bado haujazoeleka. Mwezi Agosti 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, dunia ilimwona kwenye televisheni farasi aliyekataa kuruka viunzi katika mchezo wa mapambano matano. Katika mchezo huo mwanamichezo alipewa kwa kura farasi asiyemjua, na muda wa dakika 20 tu kuzoeana naye. Mpandaji alilia, fimbo ikatumika, na kocha aliyempiga farasi kwa ngumi akatolewa mashindanoni. Hakuna awezaye kusema kwa kutazama televisheni kama mnyama yule alikuwa na maumivu au hofu. Lakini niliona kwamba jibu la kwanza lilikuwa lile lile la mwaka 1974. Mchezo ule ulifanyika kwa farasi kwa mara ya mwisho katika Olimpiki ya Paris 2024. Baada ya hapo upandaji uliondolewa.

Nimalizie kwa jambo ambalo sikupanga kuliandika nilipoanza.

Mwaka 1995 baba alibadilika. Alikuwa amestaafu, anakaa nasi kijijini. Mtu yule mtulivu akawa mkali. Alimfokea mama kwa chumvi, alimsukuma mjukuu aliyempandia mapajani kama ilivyokuwa desturi yake. Alianza kuacha chakula nusu. Kanisani alisimama katikati ya ibada akatoka nje. Sisi wanawe tulikaa kikao, tukakubaliana kuwa ni uzee, na kwamba mzee anataka kubembelezwa. Mdogo wangu alisema, kwa uchungu, kwamba tumemtunza vizuri lakini asante ya punda ni mateke. Nami sikumkanya.

Miezi minane ilipita kabla hatujampeleka hospitali. Daktari kijana alituuliza swali la kwanza: "Mzee amebadilika tangu lini?" Nilijua swali lile. Nililisikia banda la farasi nikiwa na umri wa miaka kumi na sita. Ilikuwa saratani, na ilikwisha kuingia kwenye mifupa ya mgongo. Daktari alisema maumivu yake lazima yalikuwa makali kwa muda mrefu. Tulimwuliza baba kwa nini hakusema. Alitutazama, akasema, "Nilisema." Alifariki mwaka 1996.

Msemo ule siutumii tena. Wajukuu wangu wanapoutumia, huwauliza: punda huyo alibeba nini, na nani aliyetazama chini ya tandiko?